Siku ya Tisa, Dawa Bado Kimya

Msomaji wa Morogoro ameniandikia kuhusu mdogo wake. Kijana alikuwa akifungua duka saa 12 asubuhi. Sasa hata pazia la chumbani halifungui. Hospitali ikampeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili, mama yao akalia: "Mwanangu si kichaa." Daktari akasema ni sonona, akaandika fluoksetini. Leo ni siku ya tisa, nafuu hakuna. Dada anauliza: waache? Na huyo daktari kazi yake hasa ni ipi?

Ni daktari kama wengine. Hapa Tanzania husoma udaktari miaka 5, hufanya mazoezi hospitalini mwaka 1, ndipo husomea magonjwa ya akili miaka 3. Ndiyo maana alimtoa kijana damu kabla ya kushika kalamu: tezi ya shingo ikizembea, nayo humlaza mtu vile vile. Mwanasaikolojia hutibu kwa mazungumzo, dawa haandiki. Kumpata daktari huyu, nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, uliza kliniki ya afya ya akili. Ikibidi utapewa rufaa kwenda Muhimbili, Bugando, KCMC au Mirembe, Dodoma. Jina la Mirembe limegeuzwa tusi mitaani, na jambo hilo linaniuma, kwa sababu watu wanatibiwa pale na kurudi kwao.

Sasa siku ya tisa.

Seli ya ubongo yenye serotonini, kemikali inayobeba ujumbe, huimwaga kwenye mwanya mwembamba ulio kati yake na seli jirani. Jirani akishapata ujumbe, kuna kitu kwenye ukuta wa seli iliyomwaga ambacho huizoa serotonini na kuirudisha ndani itumike tena. Kitu hicho nimekihangaikia jina. "Pampu" haitoshi, kwani pampu husukuma chochote, na hiki kinaijua serotonini. "Kisafirishi" hakisemi mzigo unapelekwa wapi. Nimeamua kukiita kirejeshi. Walimu wa sarufi wanalo neno hilo tayari: katika "kitabu nilichokisoma", ile "cho" ndiyo kirejeshi, inaturudisha kwenye kitabu kilichokwisha kutajwa. Kazi ni ile ile, kurudisha kitu kilikotoka. Neno moja linaweza kutumikia nyumba mbili.

Fluoksetini huziba kirejeshi, tena ndani ya saa chache tu. Mbona basi mgonjwa hainuki?

Fikiria tenki juu ya paa. Maji yanapanda kutoka kisimani kwa bomba moja, na kurudi kisimani kwa bomba la pili. Hilo la pili ndilo kirejeshi. Dawa inaliziba. Maji yanaanza kupanda, nawe uko chini na ndoo yako, unangoja. Lakini ndani ya tenki mna boya. Maji yakipanda, boya nalo linapanda na kufunga koki ya kuingizia. Seli ya serotonini ina boya lake: vipokezi vilivyo kwenye mwili wake yenyewe, ambavyo huonja kiasi kilichomwagwa na kuiamuru ipunguze. Njia ya kutokea imezibwa na dawa, ya kuingilia imefungwa na boya, na ndoo yako inapata matone yale yale ya jana. Hapo ndipo alipo mdogo wako.

Ila boya likiinuliwa usiku na mchana, huchoka. Mpira wake hulegea, haubani tena. Vipokezi vile navyo, vikizidiwa na serotonini wiki 2 au 3, hupoteza wepesi wa kuhisi. Koki inaachia wakati bomba la kurudishia bado limezibwa, na maji yanashuka hadi uani. Zipo sababu nyingine za kuchelewa huko, lakini hii ndiyo inayonifanya nikeshe nikisoma.

Kwa hiyo dada, msiache. Pengine atafika wiki ya nne, hata ya sita, kabla hajalifungua pazia. Mwambie mama hivyo, kwa mfano wa tenki kama utafaa. Mrudisheni kliniki tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, na dawa isikatwe bila daktari kusema. Akitamka kwamba anataka kufa, au akianza kuhangaika kuliko mwanzo, msingoje tarehe. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake njiani.