Taka za Nyumbani: Tupime Kwanza, Tuchimbe Baadaye

Wengi wenu mnaishi mahali ambapo gari la taka halifiki. Jumuiya inakaa, inakubaliana kuchimba shimo, kila nyumba inachanga, na kabla mwaka haujaisha shimo limejaa. Taka zinarudi korongoni na kwenye mitaro. Mara nyingi si uvivu wa watu, bali hakuna aliyeuliza mapema: sisi hapa tunatoa taka kiasi gani kwa siku?

Taarifa ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilikadiria kuwa katika Afrika kusini mwa Sahara mtu mmoja hutoa wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilionyesha wastani wa watu 4.3 katika kaya. Tuchukue basi jumuiya yenye kaya 60. Hao ni watu kama 258, na taka zao ni karibu kilo 119 kwa siku, au kilo 830 kwa juma. Ni zaidi ya magunia manane ya mahindi!

Lakini wastani huo umechanganya mji na kijiji, tajiri na maskini. Kijijini maganda ya ndizi huliwa na mbuzi na majivu hutupwa migombani. Vitu hivyo havifiki shimoni, na kuvihesabu ni kujidanganya. Afadhali mpime wenyewe. Chagueni kaya kama 15, za wenye uwezo na za wasio nao, si za marafiki wa mwenyekiti tu. Kila kaya ipewe kiroba, nacho kipimwe kila asubuhi kwa mizani ya kuning'iniza kama ile ya wanunuzi wa kahawa (tafadhali msiazime ile ya kliniki ya watoto). Fanyeni hivyo siku nane mfululizo. Taka za siku ya kwanza msizihesabu, kwa sababu huwa zimechanganyika na za siku zilizopita. Jumla ya kilo za siku saba zinazobaki igawanywe kwa saba, kisha kwa idadi ya watu wote wa kaya hizo, watoto wachanga wakiwemo. Msipime juma la Pasaka wala la Krismasi. Mkiweza, rudieni wakati wa masika, maana taka zilizolowa ni nzito, na msimu wa embe na mahindi mabichi hubadili hesabu yote.

Tena, shimo halijazwi na uzito bali na ujazo. Jazeni taka katika debe la lita 20 bila kushindilia, mlipime. Tuseme limetoa kilo 6. Kilo zetu 830 ni madebe kama 138, karibu mita 2.8 za ujazo kila juma. Shimo la mita 3 kwa 3, lenye kina cha mita 2, litajaa kwa majuma sita hivi, ingawa taka hushuka kidogo zinapooza. Je, mtachimba mashimo mangapi kwa mwaka?

Nafuu iko hapa: katika nchi zenye kipato kidogo, zaidi ya nusu ya taka ni mabaki ya chakula na majani. Hayo yafanywe mboji shambani. Yasikae wazi, kwani penye joto yai la inzi huweza kuwa inzi kamili kwa juma moja hadi siku kumi, naye hutoka chooni akaja mezani. Makopo na matairi yasiachwe yakusanye maji. Humo huzaliana mbu wa dengue, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019.

Hesabu hiyo ikamilike kabla ya kuchanga fedha, na bwana afya wa kata aione pamoja na mahali mnapotaka kuchimba, pawe mbali na kisima. Iandikeni daftarini, muirudie kaya zinapoongezeka.