Kuchagua Kisahani cha Kujifunzia

Mashindano ya UMISSETA yanapokaribia, wazazi na kamati za shule mkoani Tabora huanza kutafuta vifaa vya riadha. Kisahani ni miongoni mwa vifaa vinavyohadaa macho: viwili vinavyofanana dukani huweza kutofautiana kwa uzito na kwa mwenendo vikiwa hewani. Mwanafunzi anayeanza hahitaji kile kiendacho mbali zaidi, bali kile kinachomtii katika mitupo mifupi.

Uzito

Tabora ni mji wenye mazoea ya mizani. Katika karne ya 19, njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipogawanyika hapa kuelekea Ujiji na Ziwa Viktoria, thamani ya pembe za ndovu ilipimwa kwa frasila, yapata kilo 16. Nawe usinunue kwa kukadiria. Wasichana na wanawake hutumia kisahani cha kilo 1. Wavulana walio chini ya miaka 18, kilo 1.5, walio chini ya miaka 20, kilo 1.75, wanaume, kilo 2. Kilichopungua uzito hukataliwa mashindanoni. Kilichozidi nguvu za mtoto humchosha bega. Mvulana anayeanza aweza kujifunza kwa kilo 1. Mwombe muuzaji akipime mbele yako kwa mizani yenye alama ya Wakala wa Vipimo.

Ukingo

Uzito ukiwekwa zaidi ukingoni, kisahani huzunguka kwa muda mrefu na kufika mbali, lakini humtaka mrushaji stadi. Kikitupwa vibaya huyumba na kuanguka upesi. Uzito ulioenea hadi katikati humvumilia anayejifunza. Kwa hiyo bei kubwa si dalili ya kufaa.

Mali iliyotumika

Ardhi yetu huwa ngumu kiangazi na hulowa masika. Mbao hunyonya maji, na ukingo wa chuma hubonyea unapogonga mawe. Kisahani cha mpira hustahimili hayo, nacho chafaa kwa mazoezi. Kwa mashindano, waulize kwanza waandaaji ni kipi kinachokubaliwa.

Kabla ya kulipa

• Mwanafunzi akishike: pingili za mwisho za vidole zikae juu ya ukingo pasipo kujinyoosha.
• Kitikise, kikilia, kimelegea.
• Pitisha kidole ukingoni. Pasiwe na ncha wala ufa.
• Dai risiti inayotaja uzito.

Uwanjani, asisimame mtu mbele wala pembeni mwa mrushaji, na kisahani kirudishwe kwa mkono, kamwe kisirushwe.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Ukiuziwa kisahani chenye uzito usiolingana na ulioandikwa, kirudishe pamoja na risiti. Muuzaji akikataa, peleka malalamiko yako kwa Tume ya Ushindani. Risiti ndiyo shahidi wako.