Fahamu taratibu za kupiga picha unapopanda milima katika Hifadhi za Taifa

Katika hifadhi nyingi za Taifa nchini, mgeni hupiga picha akiwa ndani ya gari. Hali ni tofauti katika hifadhi za milima. Mlima Kilimanjaro, Mlima Meru uliopo katika Hifadhi ya Taifa Arusha, Udzungwa na Mahale hupandwa kwa miguu, na mpiga picha hukutana na wanyamapori bila kizuizi chochote kati yao. Kwa sababu hiyo, taratibu za upigaji picha katika maeneo hayo zinalinda maisha ya mgeni na ya mnyama kwa pamoja.

Katika Mlima Meru wenye urefu wa mita 4,566, njia ya chini hupita katika makazi ya nyati, twiga na tembo. Ndiyo maana kila kundi la wapandaji huongozwa na askari wa uhifadhi mwenye silaha. Mpiga picha hapaswi kumtangulia askari huyo wala kubaki nyuma ya kundi akisubiri mwanga mzuri. Nyati anayeacha kula, akainua kichwa na kukukazia macho, anaonesha kwamba umemkaribia kupita kiasi. Hapo kinachotakiwa ni kurudi nyuma taratibu. Anayetaka picha ya karibu atumie lenzi ya kuvuta mbali, asisogee.

Katika Hifadhi ya Milima ya Mahale, hatari kubwa ipo kwa mnyama. Sokwe wana ukaribu mkubwa wa kibaiolojia na binadamu, hivyo mafua au kikohozi cha mgeni kinaweza kuliangamiza kundi zima. Mgeni hutakiwa kuvaa barakoa, kukaa umbali usiopungua mita 10 na kuwatazama kwa muda usiozidi saa moja. Mwanga wa flashi hauruhusiwi.

Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, ni makazi ya mangabe wa Sanje, kima aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 1979 na ambaye hapatikani nje ya Milima ya Udzungwa. Kumrushia chakula ili asogee mbele ya kamera humzoesha kuwategemea watu na huweza kumwambukiza maradhi. Mpiga picha mwenye subira hukaa kimya na kumwacha mnyama aendelee na shughuli zake.

Mimea nayo inahitaji uangalifu. Seneshio na lobelia wakubwa wa Kilimanjaro hukua polepole kutokana na baridi, na sehemu iliyokanyagwa huchukua miaka mingi kurejea. Mgeni anashauriwa kupiga picha akiwa juu ya njia iliyowekwa.

Aidha, baridi ya kileleni, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, humaliza betri haraka. Ni vyema betri za akiba zikatunzwa ndani ya nguo, karibu na mwili. Kwa kuwa mawingu mara nyingi hufunika mlima kadiri siku inavyosonga, asubuhi ndiyo wakati bora wa picha za mandhari. Hata hivyo, hakuna picha inayostahili kumfanya mtu apuuze maumivu makali ya kichwa, kutapika au kuyumba. Dalili hizo zinapotokea, mwongoza watalii aarifiwe mara moja, na zikizidi, mgonjwa ateremshwe bila kuchelewa.

Wananchi wanakumbushwa pia kwamba kurusha ndege zisizo na rubani ndani ya hifadhi kunahitaji kibali, kama ilivyo kwa upigaji picha wa kibiashara na utengenezaji wa filamu. Maombi yawasilishwe kabla ya safari. Vilevile, wapagazi na waongoza watalii waombwe ridhaa kabla ya kupigwa picha.

Anayezingatia taratibu hizi hurudi na kumbukumbu nzuri, na mnyama aliyepigwa picha hubaki salama kwa ajili ya mgeni wa kesho.