Mapaja ya Mama Si Kiti cha Gari

Kila likizo ya kiangazi ikikaribia, simu yangu huanza kuita kwa swali lilelile. Mwaka huu aliyetangulia ni mama mmoja anayeishi Munich. Ana mtoto wa miezi kumi na minne na mwingine wa miaka mitano, na familia nzima inateremka kwa gari hadi Verona kumwona shangazi yao. "Daktari, huyu mdogo kiti chake hakitaki kabisa, analia mpaka sauti inamkauka. Nikimpakata huku nyuma, nikafunga mkanda wetu sote wawili, polisi wa Italia wakitukamata faini ni kiasi gani?"

Faini tuimalize haraka. Hapa Ujerumani, mtoto asiyefungwa kabisa ni euro 60 na pointi moja kwenye rekodi ya dereva. Italia ni zaidi ya hapo. Basi. Sasa tuzungumze juu ya mtoto, maana katika miaka yote niliyotibu watoto katika nchi hii, wanaoniuliza faini ni wengi kuliko wanaoniuliza shingo.

Imani yenyewe naifahamu, nimekulia ndani yake: hakuna mahali salama kwa mtoto kuliko mikononi mwa mama yake. Nyumbani ni kweli. Sokoni, msibani, kwenye foleni ya kliniki, ni kweli tupu. Ndani ya gari linalokwenda ni uongo, na ni uongo unaoua.

Chukueni mwendo wa mtaani tu, kilomita 50 kwa saa. Gari likigonga na kusimama ndani ya nusu mita, kila kilichomo husukumwa mbele kwa nguvu inayokaribia mara 20 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10 anageuka mzigo wa kilo 200. Hayo ni magunia mawili makubwa ya mahindi, na yote yanatokea katika muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde, kabla mama hajatambua kwamba wamegonga. Mtoto anayetupwa hivyo ni sawa na aliyedondoka kutoka mita 10, ghorofa ya tatu. Nanyi hamwendi mtaani. Mnapita Innsbruck, mnapanda njia ya milimani ya Brenner, mnashuka Bolzano, na barabara kuu za Austria na Italia kwa kawaida huruhusu hadi kilomita 130 kwa saa. Kwa mwendo huo, nishati ya mgongano ni karibu mara saba ya hiyo ya mtaani.

Baba mmoja aliniambia hesabu ni za vitabuni, yeye mikono yake ni ya fundi ujenzi. Nikamwomba tutoke hadi uwanja wa maegesho. Nikamkalisha kiti cha nyuma, nikamfunga mkanda, nikampakatisha kiroba cha mchele cha kilo 10. Nikawa naendesha taratibu, kilomita 20 hivi kwa saa, tunaongea habari za nyumbani, na katikati ya maneno nikakanyaga breki kwa nguvu. Kiroba kilimtoka mapajani, kikajibamiza kwenye mgongo wa kiti cha mbele, kikalala sakafuni kimepasuka ubavu. Mikono yake ilikuwa bado imekunjwa vilevile, kama ya mtu aliyeshika kitu. Hiyo ilikuwa breki, na nguvu ya breki haizidi sana uzito wa kiroba chenyewe. Ajali ni mara 20.

Akina mama waliofika hospitalini kwetu baada ya ajali iliyowakuta wamempakata mtoto, hakuna hata mmoja aliyeniambia alimwachia. Wote wanasema: nilikuwa nimemshika. Nawaamini.

Na ule mkanda mmoja wa watu wawili? Huo ni mbaya zaidi, na hapa subira yangu huisha, kwa sababu watu huuleta kama ujanja waliougundua. Mkanda unapokaza, unamzuia mtoto aliye mbele, na nyuma yake unakuja mwili wa mama wa kilo 65 au 70, nao umezidishwa mara 20. Mtoto anabanwa katikati, tumbo lake likiwa juu ya mkanda. Ini na wengu wa mtoto havijakingwa vizuri na mbavu kama vya mtu mzima. Mbeleko ya kanga nayo ni hivyohivyo: ilibuniwa kwa mwendo wa miguu, na kwa mwendo wa miguu haina mpinzani.

Wapo wanaojibu kwamba wao walipakatwa kwenye basi la Dar hadi Tanga na wako hai. Ni kweli wako hai. Wale ambao basi lao lilipinduka hawapo kutoa ushahidi. Wengine hunitajia ndege: mbona humo mtoto hupakatwa? Hupakatwa kwa sababu sheria imeruhusu. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, yenyewe inawaambia wazazi kwamba mahali salama zaidi kwa mtoto wa chini ya miaka miwili ndani ya ndege ni kwenye kiti cha usalama cha watoto kilichoidhinishwa, si mapajani.

Turudi kwenye gari. Huyu mdogo wa miezi kumi na minne tena anatakiwa kutazama nyuma. Kichwa cha mtoto ni kizito mno kwa shingo yake. Akitazama mbele, ajali inapotokea mwili unabaki kwenye mikanda, kichwa kinavutwa. Akitazama nyuma, mgongo wote wa kiti unapokea kichwa, shingo na kiwiliwili kwa pamoja. Bertil Aldman wa Sweden alitengeneza kiti cha kwanza cha namna hii mwaka 1964, baada ya kuona jinsi wanaanga wa chombo cha Gemini walivyolazwa chali wakati wa kurushwa. Kanuni mpya ya Ulaya, R129, inataka mtoto atazame nyuma angalau hadi miezi 15. Waswidi huwaacha hivyo hadi karibu miaka minne, na miguu iliyokunjana haijawahi kuwasumbua watoto wao. Goti lililokunjwa halina shida, Mama. Shingo haina spea.

Yaliyobaki ni mepesi. Kwa watoto wakubwa, Ujerumani, Uswisi na Italia huangalia urefu: kiti hadi sentimita 150. Austria, Uhispania na Uingereza 135. Ufaransa miaka 10. Msibadilishe mpakani, fuateni 150 njia nzima. Kiti cha kutazama nyuma kisiwekwe mbele kama mfuko wa hewa haujazimwa. Mvueni koti kabla ya kumfunga. Kaza mikanda mpaka ushindwe kuifinya kwa vidole. Kiti cha kukodi uwanja wa ndege, tafuteni lebo ya R129 au ya kanuni iliyoitangulia, R44; isipokuwepo kirudisheni. Simameni kila baada ya saa mbili, mtoeni kitini, atambae kwenye majani. Anayetapika, chakula chepesi, macho dirishani, simu mbali. Kuondoka alfajiri ni kuzuri kama dereva amelala. Kama hajalala, msiondoke. Msimpe dawa ya mafua ili asinzie. Msimwache kwenye gari juani hata kwa dakika ya kulipia mafuta. Namba ya dharura kote mnakopita ni 112.

Naye akilia? Atalia. Kaa naye nyuma, mwimbie, mshike mkono, na dereva atafute mahali pa kusimama. Mtoto anayelia kwenye kiti chake anapumua vizuri na shingo yake ni nzima.

Na kama mama unajua kabisa moyo hautavumilia, kwamba mkifika Brenner utamfungua tu, basi acheni gari nyumbani. Ipo treni inayotoka Munich hadi Verona bila kubadilisha, inapita Brenner hiyohiyo kwa muda usiozidi sana saa tano na nusu. Humo mpakate njia nzima.