Zamu ya Nani Mashineni?

Msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia kwamba simu yake ya Android inapiga taarabu, inapakua picha za harusi, na bado akigusa kioo inaitika papo hapo. Anauliza: "Humo ndani mna wafanyakazi wangapi?"

Wachache, ndugu yangu, na kazi zinazowasubiri ni mamia. Kichakataji ni nini, kumbukumbu ni nini, hayo yamo katika vitabu vya sekondari, tuyaruke. Mimi nataka kukupeleka kwenye foleni, kwa sababu foleni hiyo iliwahi kugombaniwa na watu wawili wenye akili nyingi.

Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, programu huria ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuitengenezea viraka. Ndani ya kiini mna sehemu inayoamua, mamia ya mara kwa sekunde, kazi ipi ishike kichakataji. Niiteje? Wapo wanaosema "kipanga ratiba". Sitaki. Ratiba hupangwa jana, nayo hii huamua sasa hivi. Tena kipanga nimjuaye mimi hunyakua vifaranga. "Mgawa zamu" linapendeza, ila ngeli ya watu inakipa kitu hiki utu kisiokuwa nao. Basi ni kigawazamu. Mhariri amekunja uso, lakini hajanipa neno bora.

Linux 2.6 ilipotoka mwishoni mwa 2003, kigawazamu chake kilikuwa kazi ya Ingo Molnár, Mhungaria wa kampuni ya Red Hat. Kilikuwa chepesi, lakini kikibahatisha. Nenda kwenye mashine ya kusaga ya mtaani uone. Mashine ni moja, wateja ni wengi: huyu ana gunia, yule ana bakuli. Msagaji anawatazama usoni akikisia nani ana haraka. Anayesinzia benchini anamhesabu mstaarabu asiyeng'ang'ania mashine, kwa hiyo akiamka anamtanguliza. Ni busara, mpaka mwenye gunia agundue faida ya kujifanya anasinzia.

Huko Australia alikuwako Con Kolivas, daktari wa usingizi, yaani wa nusu kaputi, aliyejifunza uprogramu mwenyewe. Alichoshwa na kompyuta ya mezani iliyokwamakwama muziki ukipigwa. Mwaka 2004 alipendekeza kiini kiwe na tundu ambamo vigawazamu vingechomekwa kama programu-jalizi, kila mtu achague chake. Wakubwa wa kiini walikataa: kiwe kimoja, kimfae kila mtu. Fahali wawili hawakai zizi moja. Machi 2007 akarudi na kigawazamu cha ngazi: kila kazi hushuka ngazi kadiri inavyokula fungu lake, kwa haki, bila kukisia sura ya mtu. Wengi waliokijaribu walikisifu.

Aprili 13, Molnár akatangaza cha kwake, CFS, alichosema amekiandika kwa saa 62. Katika tangazo hilohilo alimtaja Kolivas kuwa ndiye aliyethibitisha kwamba ugawaji wa haki unawezekana.

Hapa ndipo moyo wangu unaporukaruka, maana CFS ni daftari tu. Msagaji mpya haangalii nyuso. Ameandika kila mteja na dakika alizokwisha kusagiwa, na mashine ikiwa tupu anamwita mwenye dakika chache kuliko wote. Basi! Mwenye bakuli husaga kidogo, kwa hiyo dakika zake hubaki chache, naye akiamka huitwa upesi bila mtu kumkisia. Haki imezaa wepesi.

Ila daftari la wateja elfu litasomwaje haraka? Majina hayaandikwi kwa mstari, yanatundikwa mtini. Kwenye kila tawi kuna swali moja: dakika zako ni chache kuliko za huyu? Nenda kushoto. Ni nyingi? Kulia. Mti unajipogoa wenyewe usiinamie upande mmoja, hivyo mteja mmoja kati ya elfu hupata tawi lake kwa maswali kumi hivi. Na wa kuitwa? Ni yule wa kushoto kabisa, ambaye msagaji keshamtia kidole. Akisha kusaga, dakika zake zimeongezeka. Anatundikwa upya upande wa kulia, na mwingine anakuwa wa kushoto.

Mjanja atasema: nitakwenda sokoni saa tatu, nirudi na dakika zangu chache, niishike mashine mpaka jioni. Msagaji amemtangulia. Ukirudi, hesabu yako inasogezwa mpaka karibu na ya mwenye dakika chache kati ya waliopo. Unapata upendeleo kidogo wa aliyeamka, lakini hulimbikizi.

Na kuna uungwana. Kila kazi ina namba kuanzia −20 mpaka 19, na kadiri namba inavyopanda ndivyo kazi inavyowapisha wenzake. Saa ya muungwana hukimbia daftarini: amesaga dakika moja, ameandikiwa zaidi. Ya asiye muungwana hujikokota. Kazi mbili zikipishana ngazi moja tu ya uungwana, mgao wao huwa kama 55 kwa 45. Haki imebaki ileile, ila kila mtu ana saa yake.

Julai 2007 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alichukua cha Molnár, kikatoka na toleo la 2.6.23 mwezi Oktoba. Alieleza kwamba hakutazama viraka tu, alimtazama pia mtu atakayekaa navyo na kuwasikiliza wanaolalamika. Kolivas aliacha uandishi wa kiini. Wazo lake liliingia nyumbani, yeye akabaki barazani. Mwaka 2009 alirudi na kigawazamu kingine, chenye jina la matusi nisiloweza kulichapa hapa.

Mwaka 2023 CFS nayo ilipokewa zamu na EEVDF, daftari lenye safu ya ziada ya miadi. Vichakataji vikiwa vinane mambo hutatanika, na simu zina marekebisho yao. Hayo siku nyingine. Lililonifurahisha lilikuja Novemba 2024. Linux 6.12 ilifungua tundu, liitwalo sched_ext, na sasa kigawazamu cha nje kinaweza kuchomekwa mashine ikiwa inasaga. Baadhi ya watunzaji wa kiini walipinga, Torvalds akapitisha. Mzizi wa hofu ulikatwa kwa sharti moja: mteja aliye tayari akisubiri sekunde 30 bila kuitwa, kiini humtimua msagaji mgeni na kumrudisha wa zamani. Miaka 20 baada ya kukataliwa, tundu limepatikana, na wapinzani wanaweza kujaribiwa kwa unga badala ya maneno.

Nawe, ndugu wa Tanga, taarabu yako ni yule mwenye bakuli. Inalala mara nyingi kuliko unavyodhani: inasaga kidogo, inarudi benchini, inaitwa tena kabla fidla haijakatika.