Pareto: Ua Dogo Liuwalo Wadudu

Mkulima aweza kulima vema, kupalilia kwa wakati na kuvuna magunia mengi, kisha fukusi wakamla mavuno yake ghalani kabla watoto wake hawajashiba. Wengine, kwa kukata tamaa, hunyunyiza dawa kali bila kipimo, wakahatarisha afya ya jamaa zao. Yafaa tukumbuke kwamba dawa moja njema huota katika mashamba yetu ya nchi za juu, nayo ni pareto.

Asili ya ua hili ni Dalmatia, kando ya bahari ya Adriatiki. Lililetwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, likastawi katika baridi ya Molo na Kinangop. Vita Kuu ya Pili ilipozuia pareto ya Ujapani, Kenya ilitangulia wengine wote katika biashara hiyo.

Sumu yake, iitwayo pirethrini, hukaa hasa katika mbegu changa zilizo ndani ya kichwa cha ua. Majani na shina hayana nguvu ya kutosha. Hushika mishipa ya fahamu ya mdudu, naye huanguka mara moja. Mwili wa mwanadamu huivunja sumu hiyo upesi, kwa hiyo hatari yake kwetu ni ndogo. Lakini samaki na nyuki hufa. Basi usioshee vyombo vya dawa mtoni.

Adui wa pareto ni jua. Mwanga huiharibu kwa muda mfupi. Ndiyo sababu haibaki sana juu ya mboga, na ndiyo sababu pia huna budi kurudia kazi. Nyunyiza jioni, jua likiwa limepoa na nyuki wamerudi mzingani. Maua yachumwe yakiwa yamefunguka, yakaushwe upesi bila moto mkali, yawekwe mahali pakavu penye giza.

Mwaka 1973 wataalamu wa Rothamsted, Uingereza, walitengeneza dawa iliyoigiza pareto lakini isiyoharibiwa upesi na jua. Ilikuwa rahisi kutumia, na ikalipunguzia ua letu soko. Hata hivyo, dawa idumuyo shambani hudumu pia mahali isipotakiwa, na wadudu waliozoea dawa moja huacha kuiogopa.

Kwa hiyo mkulima mwenye busara hategemei dawa peke yake. Kwanza husafisha ghala, huanika nafaka hata ikauke kabisa, na huondoa mabaki ya mavuno ya zamani. Ndipo pareto imsaidie. Ghala chafu halisafishwi na dawa.