Kihispania kwa Mkazi wa Kigamboni: Ulipie Nini, Upate Nini Bure

Anayetaka Kihispania, awe analenga kuongoza watalii, kusomea udaktari Cuba au kumsoma García Márquez katika lugha yake, aulize saa za masomo kabla ya kuuliza ada. Serikali ya Marekani huwasomesha wanadiplomasia wake kati ya saa 600 na 750 ili wafanye kazi kwa Kihispania. Kozi ya wiki 12, siku tatu kwa wiki, saa mbili kila siku, inakupa saa 72. Hizo ni za kujenga msingi. Anayekuahidi ufasaha kwa muda huo usimpe pesa yako.

Darasani, Kurasini
Chuo cha Diplomasia, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji, kiko ng'ambo ya Daraja la Nyerere, na Kihispania ni miongoni mwa lugha zilizofundishwa hapo. Ada hubadilika, kwa hiyo ichukue kwa maandishi, kisha jumlisha nauli. Ikiwa unapita pantoni kwa 200 na daladala kwa 600, kwenda na kurudi ni shilingi 1,600. Kwa kozi ya saa 72 nauli inafika 57,600, yaani 800 juu ya gharama ya kila saa. Unachonunua ni mwalimu wa kukusahihisha papo hapo na wenzako wa kuzungumza nao. Kwa anayeanza, hiyo ni thamani halali.

Mwalimu wa mtandaoni
Hapa nauli inageuka bando. Njia hii inamfaa mwenye kazi za zamu, ila lipia somo moja moja mpaka umpime mwalimu. Mkipiga soga kwa Kiingereza nusu saa nzima, tafuta mwingine.

Bure
Duolingo inafundisha msamiati wa mwanzo, lakini kwa kupitia Kiingereza. Kwa fasihi kuna hazina kubwa zaidi: maktaba ya mtandaoni ya Biblioteca Virtual Miguel de Cervantes, iliyoanzishwa mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Alicante. Anza na *Lazarillo de Tormes* ya mwaka 1554, kwa kuwa ni fupi, kabla ya *Don Quijote*. Pesa ya vitabu iweke kwa waandishi wa karibu yetu, kama Donato Ndongo wa Guinea ya Ikweta.

Cheti na shahada
Cheti cha mtihani wa Kihispania wa DELE hakina mwisho wa matumizi. Cha mtihani wa SIELE hudumu miaka mitano. Usilipie mtihani wowote kati ya hiyo kabla mwajiri au chuo hakijakudai. Kwa shahada ya lugha na fasihi, chuo kikuu cha UNED cha Hispania, kilichoanzishwa mwaka 1972, kinafundisha kwa masafa na kina vituo Malabo na Bata, huko Guinea ya Ikweta. Masomo ni kwa Kihispania, hivyo ni hatua ya baadaye, na kabla ya kulipa waulize TCU, tume ya vyuo vikuu, kama wanaitambua shahada hiyo.

Ushauri wangu
Maliza msamiati wa mwanzo bure, kisha toa pesa kwa darasa la ana kwa ana. Ukishajenga msingi, tafuta wenzako wawili watatu msome kitabu kimoja pamoja, na mchangie mwalimu wa kuwaongoza mara moja kwa wiki. Fasihi inahitaji kujadiliwa, na gharama ya mjadala ikigawanywa, hata mfuko wa mwanafunzi unaimudu.